Bushi za Gari la Kikundi

(Mazungumzo yetu na wanavikundi huko Ekero, karibu na Mumias)

Tumeombwa tuzungumze juu ya gari, na tumesikia wengine wakicheka: watu wa maendeleo wamejua lini mambo ya spana? Tumejua kwa kulipa.

Kikundi chetu kina Probox kuukuu. Mchana hubeba mayai na ndizi hadi sokoni Mumias, na usiku hubeba wagonjwa. Barabara zetu mnazijua, matrekta ya miwa yamezichimba mitaro. Gari likaanza kugonga "ko! ko!" mbele kila likiingia shimoni, na ukikanyaga breki linavuta kushoto. Usiku mmoja tulikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa ndani. Dereva akakwepa ng'ombe, akakanyaga breki, gari likavutwa mpaka ukingoni mwa mtaro. Mama alijifungua salama, lakini dereva alirudisha funguo akasema hataendesha tena.

Kabla ya hapo tulikuwa tumenunua tairi za mbele mara mbili, maana zilikuwa zikiliwa upande wa ndani. Fundi mmoja alitaka tubadilishe usukani wote. Kumbe ni bushi!

Bushi ni nini? Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mkono wa chuma, na mkono huo umefungwa kwenye mwili wa gari kwa bolti. Kati ya bolti na mkono kuna mpira uliovikwa chuma. Huo ndio bushi. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira hujisokota kidogo kisha hurudi. Ukipasuka, chuma hugonga chuma na gurudumu halikai mahali pake. Kupima si kazi: ingiza mtaimbo kati ya mkono na mwili wa gari, usukume. Mkono ukicheza ovyo, au ukiona mpira umeachana na chuma, bushi imekwisha.

Tukaamua kufanya wenyewe, nyumbani kwa mwenyekiti. Tuliinua gari juu ya udongo uliolowa, tukategemea jeki peke yake. Kijana wetu alilala chini akifungua bolti. Mweka hazina, mama ambaye tulikuwa tumemwambia akae tu kivulini, alikataa. Alileta kipande kinene cha gogo akakisukuma chini ya mwili wa gari. Hazikupita dakika kumi, jeki ikadidimia. Gari lilikaa juu ya gogo, likaacha nafasi ya kifua cha mtu. Tangu siku hiyo jeki yetu husimama juu ya ubao mpana mahali pakavu, magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa mawe, na stendi mbili za chuma huwekwa chini ya gari kabla mtu hajaingiza hata mkono.

Kutoa bushi kuukuu ndiyo kazi ngumu. Wengine huchoma mpira kwa moto. Sisi hatushauri, moshi wake ni mbaya na chuma kinaweza kudhoofika. Tunatumia jiliwa: kipande cha bomba kipana upande mmoja wa kuipokea bushi, na chembamba upande mwingine wa kuisukuma. Weka alama kwanza, maana bushi nyingine zina upande wake, na ukiigeuza haifanyi kazi vizuri. Mpya ingiza kwa maji ya sabuni. Usipake grisi wala oili, huvimbisha mpira na kuuharibu. Kama huna jiliwa, fungua mkono nyumbani uupeleke kwa fundi mwenye mashine ya kugandamiza. Hiyo si aibu. Na badilisha pande zote mbili.

Sasa sikieni vizuri, hapa ndipo pesa zetu zilipopotea. Tulikaza bolti zote gurudumu likiwa linaning'inia hewani. Gari liliposhushwa, mkono ulipanda, na mpira uliokwisha kubanwa ukabaki umesokotwa usiku na mchana. Haikuchukua miezi mitatu ukapasuka tena, na makelele yale yale yakarudi. Mara ya pili tulirudisha bolti kwa vidole tu, tukaweka jeki chini ya ncha ya mkono, karibu na gurudumu, tukainua polepole mpaka mkono ukabeba uzito wa gari kama uko barabarani, stendi zikiwa bado mahali pake. Hapo ndipo tulipokaza kabisa. Bushi hizo bado zinafanya kazi.

Baada ya kazi peleka gari likanyooshwe magurudumu, la sivyo tairi zitaendelea kuliwa.

Dereva amerudi kazini. Jiliwa, mabomba yake na stendi viko kwa mweka hazina. Kikundi kinachotaka kuazima kiandike jina kwenye daftari, na kuvirudisha vikiwa vimefutwa matope.