Pumzi Tunazoshirikiana

Mhadhara wa Ramadhani uliotolewa Stockholm kabla ya futari



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zangu mlio nyuma ya pazia: nimeombwa nizungumzie afya ya mfungaji. Huenda mlitarajia habari za sukari na tende. Nitazungumzia kikohozi, kwani tangu mwezi uandame nakisikia katika kila safu.

Mnaikumbuka Machi 2020. Kifo cha kwanza cha korona nchini Uswidi kilitokea hapa Stockholm tarehe 11 ya mwezi ule. Kabla mwezi haujakwisha, chama cha madaktari wa Uswidi wenye asili ya Somalia kilieleza kwamba miongoni mwa watu 15 wa mwanzo kufariki katika mkoa huu, 6 walikuwa Wasomali. Ni majirani zetu, watu wa Rinkeby na Tensta tunaosali nao bega kwa bega. Wapo walioharakisha kusema: watu hawa hawafuati maagizo. Sikubaliani nao. Ni kweli taarifa katika lugha ya Kisomali zilichelewa, lakini virusi havimuulizi mtu lugha yake. Hufuata hewa inayovutwa na wengi. Dereva wa teksi hawezi kuifanyia kazi yake nyumbani, wala anayewahudumia wazee. Jioni hurejea kwenye vyumba vitatu wanamoishi bibi, wazazi na wajukuu. Wenye miaka 70 na zaidi waliposhauriwa wajitenge, wangejitenga katika chumba kipi?

Basi tuelewe maradhi haya, korona na hata mafua makali ya kila mwaka, yanavyopita. Mtu akikohoa au akipiga chafya, hutoka vitone vizito vya mate vinavyoanguka karibu naye, mita moja au mbili. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuviogopa, na tukasugua mikono mpaka ikachubuka. Kunawa kuna faida, na tusikuache. Lakini katika kila pumzi, na zaidi tunaposema kwa sauti, hutoka pia chembechembe ndogo mno zisizoanguka upesi. Zifananisheni na moshi wa udi. Mama akiweka chetezo pembeni mwa sebule na madirisha yamefungwa, aliye karibu huipata harufu kwanza, na kwa wingi. Lakini baada ya muda hata aliye pembe ya mbali ataisikia. Dirisha likifunguliwa, harufu hupungua.

Tarehe 10 Machi 2020, katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, watu 61 wa kwaya moja walikusanyika kufanya mazoezi kwa muda wa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Ukimhesabu na yeye, waliougua ni 53, waliothibitishwa kwa vipimo na waliodhaniwa, na 2 wakafariki. Kazi yao usiku ule ilikuwa kuimba. Nasi je? Tunasali tarawehe katika ukumbi wa chini ya ardhi, milango imefungwa kwa baridi, maamuma wanaitikia "Amin" kwa sauti moja, kisha tunakaa kwa kahawa.

Lililo zito zaidi kwangu ni hili: mwenye korona huweza kuambukiza siku mbili hivi kabla hajahisi chochote. Kwa hiyo dirisha lisingoje mpaka mtu akohoe.

Wapo wanaosema kujikinga ni upungufu wa tawakkul. Mwaka 18 Hijria, Sayyidna Umar alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa tauni imeingia huko. Akashauriana na sahaba, kisha akaamua kurejea. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Ndipo Abdurrahman bin Auf akawaeleza alichokisikia kwa Mtume (S.A.W.): mtu asiingie palipo na tauni, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Izingatieni nusu ile ya pili. Anayezuiwa kutoka huenda ni mzima kabisa. Wanaolindwa ni watu wa mji mwingine, asiowajua. Abu Ubayda mwenyewe alifariki katika tauni ile.

Najua kukaa nyumbani kuna gharama. Kuna karensavdrag, makato ya mwanzo wa ugonjwa, na anayelipwa kwa saa huumia zaidi. Simlaumu anayekwenda kazini akiwa na homa kwa kuwa kodi ya nyumba inamsubiri. Lakini hapa msikitini hakuna makato. Mgonjwa ana udhuru, na tumefundishwa kwamba huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizifanya akiwa mzima. Tarawehe nyumbani inasihi.

Kuanzia usiku wa leo, madirisha ya nyuma yatafunguliwa baada ya kila rakaa nne. Njooni na makoti. Wazee watapewa nafasi upande wenye hewa zaidi, na barakoa zipo mlangoni kwa anayetaka. Mwenye kikohozi au homa asali kwake na atume ujumbe: vijana wamekubali kumpelekea uji na futari yake, wataiacha mlangoni na kubisha hodi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.