Mwaka wa Kwanza Chuoni: Siku Isiyo na Kengele

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya swala ya Alasiri, mbele ya wazazi na vijana wanaojiandaa kwenda vyuo vikuu)



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, tumesimama mbele yenu kuzungumzia jambo ambalo kila mwaka huanza kwetu kwa furaha, na mara nyingine hutumalizikia kwa majuto. Nalo ni maisha ya kila siku ya kijana aliyeingia chuo kikuu kwa mara ya kwanza.

Miaka michache iliyopita tulimsindikiza kijana mmoja wa msikiti huu. Tulimchangia nauli, godoro na ndoo, tukamwombea dua, na wazee wakamwusia asiache swala. Baada ya hapo hatukumpigia simu ila siku ya Idi. Mwaka ulipokwisha alirudi na barua ya kuondolewa masomoni. Wanafunzi wenyewe husema "amedisko". Tulimwuliza: Je, ulikunywa pombe? Akasema hapana. Ulifuata makundi mabaya? Akasema hapana. Kisha akainamisha kichwa, akasema: "Wazee wangu, sikujua siku zilikwenda wapi." Ameturidhia tuyaeleze haya bila ya kumtaja jina.

Ndugu zangu, tumezoea kudhani kwamba hatari ya chuo ni pombe na zinaa peke yake. Hatari hizo zipo, wala hatuzidharau. Lakini kijana wetu hakuangushwa na hayo. Aliangushwa na siku isiyo na kengele.

Hebu tuitazame siku hiyo. Katika shule ya bweni kuna kengele ya kuamka, ya mstarini, ya chakula na ya kujisomea usiku. Asiyeonekana hutafutwa. Chuoni mambo ni mbalimbali. Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanafunzi hukaa katika mabweni ya Mlimani, au Mabibo, au katika chumba cha kupanga mitaani. Mabweni mapya yaliyofunguliwa Aprili 2017 yana majengo 20 na nafasi 3,840, na hata hivyo wako wanaokosa chumba wakalala wawili kitanda kimoja, jambo ambalo wao huliita "kubebana". Kipindi cha kwanza huweza kuwa saa moja asubuhi, cha pili saa nane mchana, na cha mwisho jioni wakati Magharibi inakaribia. Ukumbini wamo mamia ya wanafunzi. Asipokuja, hakuna atakayemwuliza alikuwa wapi.

Sasa saa zilizobaki katikati ni za nani? Hapo ndipo penye mtihani. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Ukizigawa katika majuma 30 ya masomo, unapata saa 40 kila juma, sawa na mwajiriwa wa ofisini. Lakini mihadhara na semina ni sehemu tu ya saa hizo. Zilizobakia ni za maktaba na za kujisomea. Kijana mgeni huitazama ratiba, akaona nafasi nyeupe, akadhani ni mapumziko. Maktaba mpya ya chuo hicho, iliyofunguliwa Novemba 2018, inaweza kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Lakini kiti hakimwiti mtu. Simu iliyo mkononi ndiyo inayomwita.

Vilevile, hasara ya siku hizo haionekani mapema. Kwa kawaida alama 40 katika 100 hutokana na mazoezi na majaribio ya kati ya muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Anayezinduka mwezi wa tatu huwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya zile 40, na huingia katika mtihani akiwa na deni.

Na fedha ni vivyo hivyo. Mkopo wa chakula na malazi, yaani "bumu", hutolewa kwa mafungu. Kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku kilichowekwa mwaka 2022, fungu la siku 60 ni shilingi 600,000. Wengi wa vijana wetu hawajapata kushika fedha kama hizo maishani. Wiki ya kwanza ni viatu na simu. Wiki ya tano ni "pasi ndefu", yaani kunywa chai asubuhi na kuunganisha hadi usiku bila ya chakula cha mchana. Mwenye njaa huenda kipindini, lakini hasikii.

Ndugu Waislamu, je, Mwislamu hana kengele? Anayo, nayo hulia mara tano. Swala haikuwekwa ili imwondoe mwanafunzi katika masomo. Ikisimamishwa kwa wakati wake humgawia siku yote. Hivyo basi tunawausia vijana: baada ya Alfajiri msirudi kulala, bali someni tena somo la jana kwa saa moja. Baina ya Adhuhuri na Alasiri iwe ni maktaba. Baada ya Isha andikeni kazi za kesho na matumizi ya leo, kisha zimeni simu mlale. Na katika juma la kwanza kabisa itazameni ratiba. Ikiwa semina imeangukia saa ya Ijumaa, mwendeeni mwalimu mapema, kwa adabu, mwombe kuhamia kundi jingine. Mara nyingi makundi huwa zaidi ya moja, nayo bado hayajajaa.

Lakini lawama tusiwatwike vijana peke yao. Wazazi wetu, mkipiga simu huuliza: "Hujambo? Umekula? Pesa imeingia?" Kijana hujibu ndiyo, na mazungumzo yamekwisha. Mwulizeni: Leo umeamka saa ngapi? Umesoma nini? Umekula na nani? Maswali hayo hayahitaji mzazi awe amesoma chuo. Mama asiyejua kuandika aweza kuyauliza, na katika sauti ya mwanawe akatambua siku iliyopotea.

Na sisi wa msikiti tumeona tuanze na mambo matatu. Kwanza, kuwa na daftari la majina ya vijana wote wanaokwenda vyuoni, na simu zao. Pili, kila mmoja akabidhiwe kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, msichana kwa msichana na mvulana kwa mvulana, amwonyeshe njia ya darasani, ya maktaba na ya msikitini. Tatu, sadaka ya kila mwezi itengwe kidogo kwa wale wasiopata mkopo, ili asiwepo wa kwetu anayesoma kwa pasi ndefu.

Kijana yule tuliyemtaja yumo humu leo. Anasaidia dukani kwa ami yake, na ameomba tena nafasi ya chuo. Tulipomwuliza tungemfanyia nini mwaka ule, hakutaja fedha. Alisema: "Laiti mtu angenipigia simu siku ya Jumatano."

Basi tusingoje Idi. Tupige Jumatano.

Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu, awape elimu yenye manufaa, na atusamehe tulipozembea. Amin.

Wabillahi tawfiq.