Jinamizi Si Kazi ya Jirani



Hapa Singida, kama kwingineko, mtu akizinduka usiku asiweze kusogeza kiungo, kifua kimelemewa, wako wamtajao jirani kuwa mchawi. Katika usingizi wa ndoto ubongo hulegeza viungo, tusitende tunayoyaota. Akili ikitangulia kuamka, ndilo jinamizi, nalo hupita kwa dakika chache. Kukesha, mashaka na kulala chali hulizidisha. Lakini asinziaye mchana bila kutaka, magoti yakamlegea achekapo, yaweza kuwa ana maradhi yafuatanayo na jinamizi. Na amwone daktari.

Mwaka 1995 Unguja na Pemba zilishikwa na hofu ya Popobawa, aliyesemwa huwakandamiza watu usingizini. Mgonjwa wa akili akauawa kwa kudhaniwa ndiye. Basi tutengeneze usingizi wetu, wala tusimshitaki mtu.