Nondo Mdogo wa Nyasi na Jina Lake

Somo: Mwanzo 2:19–20 na Yoeli 1:2–4

 

Leo tungependa kuzungumza habari za kiumbe mdogo sana. Ni nondo wa rangi ya kijivu na kahawia, ambaye akikunjua mabawa yake upana wake ni kama vidole viwili tu. Mchana hujificha katika nyasi, na usiku huruka. Akiingia nyumbani kwa kuufuata mwanga wa taa, asubuhi hufagiliwa pamoja na vumbi, wala hapana aulizaye jina lake. Lakini nondo huyu ndiye mzazi wa viwavijeshi. Wataalamu humwita Spodoptera exempta.

Watu wa Siongiroi, na wa Chepalungu yote, ni watu wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Riziki yao imo katika nyasi, kwa maana mahindi, wimbi na mtama nayo ni jamaa ya nyasi. Na watoto wa nondo huyu chakula chao ni jamaa hiyo. Maharagwe huyapita, viazi huviacha, majani ya chai hawayagusi. Kwa hiyo mwenye chai kule juu aweza kulala usingizi wake, na ndugu yake wa kule chini akaamka asubuhi na kukuta malisho na mahindi yamekwisha.

Yafaa tujue jinsi anavyoishi. Jike hutaga mayai mengi kwa pamoja juu ya jani, na kuyafunika kwa manyoya ya mwili wake mwenyewe. Baada ya siku chache viwavi hutoka, wadogo mno hata jicho huwapita. Hula kwa muda wa majuma mawili au matatu, kisha huingia udongoni na kugeuka, na baada ya juma moja au zaidi hutoka nondo wapya. Kiwavi akiwa peke yake huwa wa kijani au kahawia, tena mpole, naye hukaa chini penye mashina. Wakiwa wengi pamoja hugeuka weusi, wenye mistari, nao hutembea kama askari. Mtu akiwaona wa kijani leo na weusi kesho hudhani ni wadudu wawili mbalimbali. Mwaka 1943 mtaalamu wa Afrika Kusini, J. C. Faure, alieleza kwamba ni mdudu yule yule aliyebadili vazi lake kwa sababu ya msongamano.

Wazee wetu husema kwamba viwavi hawa huanguka pamoja na mvua. Vijana waliosoma wasiwacheke. Nondo hawa husafiri usiku, wakichukuliwa na upepo mamia ya kilomita, na upepo wa mvua ya ngurumo huwakusanya na kuwashusha mahali pamoja. Hapo hutaga, na nyasi changa iliyooteshwa na mvua hiyo ndiyo chakula cha watoto wao. Basi wazee waliiona mvua, wakawaona na viwavi, ila nondo aliye katikati hawakumwona, kwa kuwa alikuja usiku.

Ni kwa sababu hiyo watu wakaanza kumhesabu nondo mwenyewe. Tangu mwaka 1969, pale Muguga karibu na Nairobi, wataalamu walikuwa wakikusanya hesabu za nondo walionaswa katika mitego sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, na kuwaonya wakulima mapema. Baadaye ukaja mtego wa harufu. Ndani yake huwekwa kipande chenye harufu kama ya jike, na madume huja wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika wilaya ya Kilosa nchini Tanzania, kazi hii ilitiwa mikononi mwa wanakijiji. Kijiji kilipewa mtego mmoja na chombo kimoja cha kupimia mvua. Mwanakijiji aliyefundishwa alihesabu nondo, akapima mvua, akaandika, akawaonya wenzake. Hakuwa profesa. Alikuwa mtu mwaminifu mwenye daftari na kalamu.

Lakini kuhesabu hakutoshi ikiwa hatumjui tunayemhesabu. Mwaka 2016 mdudu mwingine wa jamaa hiyo, atokaye bara la Amerika, alionekana Afrika Magharibi, na mwaka 2017 akawa amefika Kenya. Yeye ni Spodoptera frugiperda. Watu wakamwita kiwavijeshi vilevile, na kwa jina wakawachanganya wawili hawa. Mtazame kichwani: utaona alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za meza. Huyu huingia ndani ya moyo wa mhindi na kujificha humo. Anayenyunyiza dawa juu juu saa sita mchana, akidhani anapigana na yule wa nyasi, hupoteza fedha yake, na mdudu hubaki salama ndani. Na anayenyunyiza sumu malishoni bila kuuliza, aweza kuitia katika maziwa wanayokunywa watoto wake.

Wakristo wenzetu wa Bomet wanayajua haya kwa uchungu. Mwezi wa Septemba mwaka 2011, pale Longisa, si mbali na Siongiroi, mahindi yalianza kukauka yakiwa bado mabichi, na ugonjwa huo ulikuwa haujapata kuonekana Kenya. Majani yalichukuliwa yakapimwa, na mwaka 2012 wataalamu wakaeleza kwamba ni virusi viwili vinavyoshirikiana ndani ya mmea mmoja. Jina lilipopatikana ndipo shauri la kweli likapatikana: usipande mahindi juu ya mahindi msimu baada ya msimu, ng'oa mimea iliyougua, tumia mbegu safi.

Sasa, wapendwa, tuseme neno ambalo huenda likatuchoma. Msiba usio na jina hutafuta mtu wa kubeba lawama. Shamba la mmoja likiliwa usiku na la jirani likisalia, minong'ono huanza. Huyu ametazama vibaya. Yule mama mjane alipita hapa jana. Mara ngapi tumemshuhudia jirani uongo kwa sababu ya kiwavi? Amri ya Mungu iko wazi: tusimshuhudie jirani yetu uongo. Ikiwa daftari lasema kwamba nondo walinaswa wengi usiku wa mvua ile, majuma mawili kabla ya viwavi kuonekana, basi mama yule hana hatia, na daftari lile limekuwa shahidi wake. Kuandika kweli habari za mdudu kwaweza kuwa tendo la kumpenda jirani.

Tukifungua Mwanzo sura ya pili twaona kwamba Mungu alimletea Adamu wanyama ili aone atawaitaje. Adamu alipewa kutazama kwanza, kisha kutaja. Hatuwezi kumpa jina tusiyemtazama. Na nabii Yoeli, nchi yake ilipoharibiwa na wadudu, hakusema wadudu tu. Aliwataja kwa majina manne: tunutu, nzige, parare na madumadu. Kabla ya hapo aliwaagiza wazee wasikilize na kuwasimulia watoto wao, na watoto wa watoto wao. Kumbe kuweka kumbukumbu za msiba ni agizo la kinabii. Yoeli aliwaita watu watubu, naam, lakini aliwaita akiwa amekwisha kutazama vizuri kilichowapata. Tusitumie toba kama kisingizio cha uvivu wa macho.

Basi tufanyeje? Mvua ndefu ikianza, mzee mmoja wa kanisa, au mwalimu pamoja na watoto wa shule, na waweke daftari. Waandike tarehe, mahali, mvua ilinyesha au la, nondo wangapi walikuja kwenye taa, na viwavi wameonekana juu ya mmea gani. Wakimwona wasiyemfahamu, wamtie katika chupa ndogo yenye spiriti, waandike karatasi na kuitia humo, wampelekee afisa wa kilimo. Nondo wa jamaa hii hufanana sana, hata mtaalamu mara nyingine humtambua kwa kumchunguza mwili wake kwa hadubini. Kwa hiyo si aibu kusema, huyu hatujamjua bado. Andikeni hivyo hivyo daftarini. Ukurasa wenye alama ya kuuliza ni ukurasa wa kweli.

Na Mungu ambaye Zaburi ya 147 yatuambia huziita nyota zote kwa majina, hawezi kushindwa kumjua mkulima wa Siongiroi asimamaye asubuhi kando ya shamba lililoliwa. Anamjua kwa jina. Sisi nasi tumjue jirani huyo, tumpelekee debe la mahindi kabla hatujampelekea maneno.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyeziumba nyasi na vyote vilavyo nyasi, utupe macho ya kutazama kwa subira, na mikono ya kuandika yaliyo kweli. Utuzuie ulimi tusimhukumu jirani kwa jambo tusilolijua. Walinde wakulima na mifugo yao msimu huu, na waliopoteza uwape ndugu wa kuwasaidia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.