Kariakoo Bila Diwani

Msikilizaji, ukisikia watu wametawaliwa bila baraza walilolichagua, fikra hukimbilia mbali: Wajir, Mandera, Marsabit, kaskazini ya Kenya enzi za mkoloni, ambako mkuu wa wilaya ndiye aliyekuwa serikali na hakimu, na mgeni haingii bila kibali. Nchi kubwa, watu wachache, ngamia wengi. Basi njoo Mtaa wa Msimbazi, usimame katikati ya mikokoteni na wachukuzi, nikwambie kwamba hapa nako yametokea. Tena mara mbili.

Mwaka 1972 Serikali ilianza Madaraka Mikoani. Jina tamu kweli! Halmashauri za wilaya zikafutwa, na ya jiji la Dar es Salaam ikafuata 1974; shughuli zake zikaangukia Ilala, Kinondoni na Temeke, mikononi mwa watumishi wa kuteuliwa. Mwaka huohuo likaundwa shirika la umma la kusimamia masoko ya Kariakoo, na 1975 likafunguliwa lile jengo la msanifu Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege. Soko jipya tukapata. Wa kumfokea mtaro ukiziba, hatukuwa naye. Miji ikachakaa, kipindupindu kikapiga, na 1978 Bunge likazirudisha halmashauri za miji. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa kosa.

Hatukukoma. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Sumaye alivunja halmashauri ya jiji, na Tume ya Jiji ikakabidhiwa Charles Keenja. Wanaoisifu tume ile wana haki yao: mapato yaliongezeka, taka zikazolewa, na halmashauri iliyovunjwa haikuwa ya kuliliwa. Lakini mama lishe akiona ameonewa, angempeleka wapi kamishna ambaye hakumwomba kura?

Tume ilipomaliza kazi, mwaka 2000, Keenja akaenda Ubungo kuomba ubunge, akaupata. Sasa, kama kazi nzuri inaleta kura, kwa nini tunyang'anywe kura ndipo kazi ifanyike?

Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja tena Halmashauri ya Jiji, safari hii akiipandisha Ilala kuwa ndiyo Jiji. Hayo ni mengine: madiwani wa kata za Ilala walibaki, wa Kariakoo akiwemo. Kwa hiyo, mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo, mvua ikinyesha na maji yakakuingilia dukani, anza kwa diwani wako. Na umuulize ushuru wako umefanya nini.