Mlo wa Keto na Majibu ya Maabara

Mlo wa keto, yaani ulaji unaobana wanga hadi chini ya gramu 50 kwa siku ili mwili uunguze mafuta badala ya sukari, si rahisi kuushika Kasokola, kata ya Manispaa ya Mpanda ambako sahani moja ya ugali hupita kiwango hicho. Hata hivyo, anayeushika hana budi kumweleza mtaalamu wa afya kabla ya kupimwa. Kijiti cha kupimia mkojo kikichovywa na kusubiriwa sekunde 40 hivi, sehemu yake ya ketoni, yaani kemikali ambazo ini huzitengeneza kutokana na mafuta, hugeuka zambarau, na rangi hiyohiyo huonekana kwa mgonjwa wa kisukari aliye hatarini, ingawa kwa huyu sukari ya damu kwa kawaida huwa juu mno.

Kipimo chenye mtego zaidi ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi, ambacho hutumika pia kwa wajawazito: mwili uliozoea wanga kidogo huchelewa kuidhibiti sukari hiyo, na mtu mwenye afya huweza kuitwa mgonjwa. Ndiyo maana mpimwaji hutakiwa kula angalau gramu 150 za wanga kila siku kwa siku 3 kabla, sharti ambalo mla ugali hulitimiza bila kujua. Asidi ya yuriki nayo hupanda wiki za mwanzo za mlo huu. Trigliseridi, mafuta ya kwenye damu, mara nyingi hushuka, lakini lehemu mbaya kwa baadhi ya watu hupaa, na kupaa huko si kosa la kipimo.