Dawa Ndani ya Jani la Barafuni



Mfalme Sulemani alisifiwa kwa kujua habari za mimea, wala hakuishia kwenye mierezi mikubwa ya Lebanoni. Alishughulika hata na hisopo, kijimea cha ukutani ambacho mpita njia hakitazami. Leo tuangalie kijimea cha namna hiyo kilicho mbali sana na sisi.

Katika bara la Antaktika, kwenye ncha ya kusini ya dunia, karibu nchi yote imefunikwa na barafu. Ni bara lenye kilomita za mraba zipatazo milioni 14, na mimea yake ya asili yenye kutoa maua ni ya aina mbili tu. Mmoja ni nyasi fupi iitwayo Deschampsia antarctica. Wa pili, Colobanthus quitensis, hujibana chini kama fundo la kijani. (Nyasi za ukoo wa hiyo ya kwanza huota hata juu kwenye Mlima Kenya, waliopanda huko huenda wamezikanyaga.)

Ndani ya majani ya mimea hiyo hukaa kuvu. Sisi twaijua kuvu kama adui. Mwaka 2004, kuvu ilipoingia katika mahindi, sumu yake iliua watu 125 katika sehemu za mashariki ya Kenya. Lakini hizi za ndani ya jani haziozeshi kitu. Mmea u hai, u mzima, na mgeni wake yumo. Wataalamu, wakiwamo wa Brazil, husafisha majani hayo kwa nje, huyakata vipande, kisha huotesha kuvu zake katika visahani. Moja ya mambo wanayotafuta ni vimeng'enya. Kimeng'enya hukata kitu kikubwa kuwa vidogo, kama mate yanavyoanza kuuvunja ugali mdomoni.

Kimeng'enya kimoja kinatafutwa sana, nacho ni asparajinasi. Nieleze kazi yake, kwa maana wako wazazi wanaonisikiliza ambao wamelisikia jina hilo wodini. Chembe za mwili huhitaji chakula kiitwacho asparajini. Chembe nzima hujipikia zenyewe. Lakini katika aina fulani ya saratani ya damu, inayowapata watoto hasa, chembe zilizougua haziwezi kujipikia vya kutosha. Hutegemea asparajini iliyomo katika damu. Asparajinasi huikata yote, nazo chembe hizo hufa njaa. Marekani iliikubali dawa hii mwaka 1978, nayo hutolewa pamoja na dawa nyingine.

Taabu yake ni kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa bakteria. Mwili wa mtoto huweza kuitambua kama mgeni na kuikataa: ngozi huvimba, pumzi hubana, na daktari hulazimika kusimamisha dawa ile ile iliyokuwa ikimwokoa. Ni uchungu mkubwa kwa mzazi. Ndiyo maana watu wanatazama kuvu. Chembe ya kuvu, kwa jinsi ilivyojengwa, iko karibu zaidi na chembe ya mwanadamu kuliko bakteria, na kuna tumaini kwamba kimeng'enya chake kitapokewa kwa upole zaidi. Tena kuvu nyingi hutoa vimeng'enya nje ya miili yao, hivyo kuvikusanya ni kazi nyepesi.

Tumaini hilo bado liko katika visahani. Kimeng'enya kilichozoea baridi huenda kikaharibika upesi katika joto la mwili, ambalo ni nyuzi 37, na hilo lazima lipimwe kwanza. Kwa hiyo mtu akikuuzia sokoni unga wa kuvu kuwa ni dawa ya saratani, usimpe hata senti. Mpeleke mtoto hospitali, na usimkatishe matibabu aliyopewa.

Na sasa tuinamishe vichwa. Tuwaombee watoto waliolala wodini asubuhi hii, na mama zao walioketi kando ya vitanda, na wale wainamao juu ya visahani vyao.